Mkanda wa Tano

Siku ya tatu ya upelelezi wake, Sajini Damiano aliamua kwenda kutazama sinema asubuhi kweupe, na mshitakiwa wake akaenda naye.

Watu waliowaona wakivuka reli, mmoja kavaa kaptula ya khaki iliyopigwa pasi na mwingine kafungwa pingu, hawakucheka. Walimhurumia Cletus. Tangu sinema za Jumamosi zilipoanza kwenye kambi ya mgodi wa Mpanda, ni yeye aliyezungusha mashine, na hakuna mtu aliyewahi kumdhania hata wizi wa sindano. Sasa mkanda mmoja wa filamu ya Kifaransa ulikuwa umepotea mikononi mwake, naye hakutaka kusema umekwenda wapi. Hakusema ameuchukua, wala hakusema hakuuchukua. Alikaa mahabusu akinywa uji alioletewa, kimya kama aliyelishwa yamini.

Filamu yenyewe ilitoka Albertville, ng'ambo ya ziwa, kwa Wabelgiji. Ilivushwa kwa boti hadi Karema, ikapanda lori mpaka Mpanda, makopo sita ya bati, ikaonyeshwa Jumamosi. Jumatatu yake wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikaa chini kwenye mdomo wa shimo wakakataa kushuka mpaka wapewe buti. Bwana Hargreave, msimamizi wa kambi, akataka aione mwenyewe hiyo filamu iliyowapa watu kichwa kikubwa. Makopo yalipoletwa, kopo la tano halikuwepo.

"Wamelificha ili walionyeshe huko vichochoroni," Bwana Hargreave alimwambia Damiano. "Ijumaa lori la Karema linaondoka na filamu yote. Mkanda usipopatikana, huyu kijana Jumatatu atasimama mbele ya hakimu. Mtu asiyejitetea ni mwizi au mjinga."

Damiano alipiga saluti. Kichwani alikuwa na aina ya tatu ya mtu asiyejitetea, naye ni yule anayemkinga mwingine. Lakini hilo hakulisema, maana Mpimbwe wa Usevya kama yeye hamfundishi mwenye ofisi akiwa ndani ya ofisi yake.

Bohari la sinema lilikuwa limezibwa madirisha kwa magunia. Mzee Telesphor alikuwa ameshafika na fimbo yake. Alikuwa katekista Karema miaka mingi, akajifunza Kifaransa kwa Mapadri Weupe, na siku za filamu za Albertville yeye ndiye aliyesimama kando ya shuka la kuonyeshea picha akiwaeleza watu kwa Kiswahili nani anasema nini. Sauti alikuwa nayo, na wengine walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha.

Damiano alimfungua Cletus pingu. "Zungusha mkanda wa kwanza. Nataka kuijua filamu hii kabla ya kumjua aliyeiiba."

Cletus alipofungua kopo, mwanga wa taa uliangukia viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, mengine yameanza kukauka.

"Umelima wapi, Cletus, mwezi wa nane huu? Ardhi imekuwa bati."

"Sijalima, Afande."

"Basi hii mashine inachubua viganja siku hizi?"

Cletus aliinama akapitisha mkanda kwenye magurudumu. Damiano hakumsukuma. Alivuta boksi la sabuni akakalia, na giza likajaa picha.

Fimbo ya Mzee Telesphor ikanyooka. "Huyu ni Rene. Alikuwa kuli bandarini, akafukuzwa kazi. Sasa ameshika bastola."

"Kwa nini ameshika bastola?"

"Si nimesema amefukuzwa kazi, Afande. Ulaya hawana shamba la kurudia."

Mikanda minne ilipita hivyo. Rene alivamia gari la mishahara ya kampuni ya meli. Motokaa zilikimbizana kwenye mitaa myembamba mpaka moja ikapitiliza baharini. Rene alijificha kwa makuli waliogoma, watu wenye nyuso za njaa na mikono mikubwa, na wao wakamkubali. Kila mara polisi alipotokea, alipigwa ngumi. Damiano alianza kuhisi kama mtu anayetukanwa ugenini.

"Hapa watu walipiga vigelegele," alisema Telesphor.

"Polisi akipigwa?"

"Polisi wa Kifaransa, Afande."

Mkanda wa tano haukuwepo, kwa hiyo Cletus aliweka wa sita. Ilikuwa asubuhi bandarini. Rene amekwisha kufa kwa risasi, mgomo umekwisha, makuli wanarudi kazini vichwa chini. Walikuwa Wazungu karibu wote, mizigo mabegani. Kisha kwenye ngazi ya meli alishuka mtu mmoja mweusi. Yeye alibeba sanduku kichwani, juu ya ngata aliyoisokota kwa kitambaa, akalishikilia kwa mkono wa kushoto. Shati lake lilikuwa na mkono mmoja tu, wa pili umekatwa begani. Alipita mbele ya picha bila haraka, akageukia ghalani, akatoweka.

"Yule ni nani?" aliuliza Damiano.

"Yupi?"

"Mwenye ngata."

Telesphor alikunja uso. "Sikumwona. Mimi namfuata Rene, na Rene kafa."

"Na wewe, Cletus?"

"Mwenye mashine hatazami shuka, Afande. Anatazama taa, isije ikaunguza mkanda."

Damiano alimwamini. Aliomba mkanda urudishwe kwenye kopo lake, akasoma mwaka uliopigwa chapa kwenye bati, kisha akamgeukia mzee. "Huo wa tano una nini?"

"Una vita, Afande. Polisi wanaingia bandarini na farasi, wanawatwanga makuli kwa marungu. Kuna kuli mweusi anasimama njiani na mzigo wake, hawapishi. Anapigwa, anaanguka kutoka kwenye ngazi mpaka chini. Nikawaambia watu, wamemuua maskini." Mzee alishusha fimbo. "Upande wa wanawake kulizuka kilio, mmoja akatolewa nje amebebwa. Nilifurahi, nikajua leo nimesimulia vizuri."

"Aliyebebwa ni nani?"

"Nilikuwa nimewapa mgongo, Afande. Siwezi kusema nilichokisikia kwa kisogo."

Damiano alimrudisha Cletus mahabusu, akaenda kumtafuta mtu ambaye Bwana Hargreave alimshuku tangu mwanzo. Leodgar alikuwa fundi wa mbao za kuegemeza shimo, na ndiye aliyekuwa akiwaandikisha wenzake chama cha wafanyakazi. Alimkuta akinoa msumeno, na Leodgar hakusimama.

"Umekuja kupekua? Pekua. Mlango hauna kufuli."

"Nimeshapekua ulipokuwa kazini," Damiano alisema. "Nimekuja kuuliza. Ule mkanda wa mgomo ulikufaa?"

"Uliwafaa watu. Wamekaa gizani wakaona Mzungu naye ana njaa, Mzungu naye anafukuzwa, naye anapigwa rungu na serikali yake. Hapa mtu alidhani rungu limeumbwa kwa ajili yake tu." Leodgar alijaribu meno ya msumeno kwa kidole. "Jumatatu wakaomba buti. Hawakumpiga mtu."

"Kwa hiyo ukauficha."

Leodgar alicheka kwa mara ya kwanza. "Afande, mimi nilimwomba Cletus auonyeshe tena kabla lori halijaondoka. Muulize. Aliyeuchukua kaniharibia shughuli. Ukimpata, nina neno naye."

Yalikuwa maneno ya mtu aliyeudhika, si ya mtu anayeficha, na tena mkanda bila mashine ni kamba tu. Damiano aliufunga mlango huo wa upelelezi akarudi stesheni ya polisi akiwa na vitu viwili mkononi: malengelenge na kilio cha mwanamke.

Cha tatu kilimjia chenyewe. Mchana, mwanamke mmoja aliingia na bakuli la uji wa Cletus, kama alivyofanya kila siku tangu kijana akamatwe. Alikuwa Skolastika, anayeuza uji na mihogo ya kuchemsha kwenye lango la mgodi, na Damiano alikuwa amemchukulia kama jamaa wa mahabusu. Siku hiyo, alipoinama kuliweka bakuli, kitambaa chake cha kichwa kiliteleza. Kichwa kilikuwa kimenyolewa juzijuzi, kinang'aa.

"Pole na msiba, Mama."

Skolastika alikirudisha kitambaa taratibu. "Tumeshapoa."

"Nani ametutoka?"

"Mtu wetu."

"Aliumwa?"

"Alikuwa mbali," alisema, akachukua bakuli la jana akaondoka.

Damiano alimtazama Cletus kupitia nondo. Cletus aliutazama uji.

Aliyepiga kengele ya kanisa pale Mpanda alikuwa Mzee Telesphor yuleyule. "Kengele ya msiba?" alishangaa alipoulizwa. "Sijaigusa tangu Kwaresima. Watu wako wazima, ashukuriwe Mungu."

Kwa hiyo kulikuwa na msiba usio na kengele na mchimbaji asiye na shamba. Damiano akashika njia ya Shanwe, alikokaa Skolastika.

Nyumba ya Skolastika ilikuwa ya tope, imepakwa vizuri, uwanja umefagiwa. Kwenye mkeka alikaa ajuza mmoja, naye kanyolewa kichwa, miguu kainyoosha kama wanavyokaa wafiwa. Huyo alikuwa Bibi Kasilda, mama mkwe. Damiano alivua kofia, akasalimia kwa kupiga magoti, akapewa kigoda. Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, aliona tuta jipya lililozungushiwa mawe, na juu yake kikombe cha bati kilichofunikwa.

"Kaburi fupi," alisema kwa upole. "Ni la mtoto?"

"Ni la mwanangu," alijibu Bibi Kasilda. "Selestini. Mtu mrefu kuliko wewe."

Skolastika alitoka jikoni akifuta mikono. Alimwangalia Sajini, akaangalia kofia iliyokuwa magotini mwake, akaketi. "Mama, anajua."

"Najua nusu," alisema Damiano. "Nusu ya pili nitaisikia kwenu, na sitaandika neno mpaka mmalize."

Ndipo Skolastika akasema. Selestini alichukuliwa jeshi la Keya wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa kupigana kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Wenzake walirudi, wakasema walimwacha bandarini akisaidia kupakia meli ya Wafaransa, kisha hakuonekana tena. Serikali ilisema amepotea. Padri alisema mtu aliyepotea hawezi kuombewa kama marehemu, wala mke wake si mjane. Ndugu walisema hawawezi kulia matanga ya mtu asiyejulikana kama kafa. Basi miaka yote hiyo wanawake hao wawili waliishi na sahani moja ya ziada kabatini.

"Nikaenda sinema mara moja tu maishani," alisema Skolastika. "Wenzangu walinivuta. Nikamwona."

"Ulimtambuaje, Mama? Picha zile zinakimbia."

"Kwa ngata. Kila shati nililomshonea, Afande, alilikata mkono mmoja akasokotea ngata. Kila shati. Tuligombana mpaka majirani wakaja. Nikamwambia, nyie watu wa ziwani hamna adabu ya nguo. Nikamwona kule Ulaya, shati la mkono mmoja, mzigo kichwani, kashika kwa kushoto. Nilitaka kucheka. Kabla sijacheka wakampiga, akaanguka, na Mzee Telesphor akasema wamemuua. Mimi nikabebwa nje, mwisho wake sikuuona. Watu kambi nzima walishuhudia. Huo si ushahidi?"

Damiano alilitazama lile tuta, naye Skolastika akaendelea.

"Kwao Karema, mtu akimezwa na ziwa, wanazika nguo yake. Nguo za Selestini zililiwa na mchwa zamani. Asubuhi yake, Jumapili, nikaenda kwa Cletus. Nikamwambia, mwili wa mume wangu uko ndani ya kopo lako, naomba nikauzike. Halafu akaniuliza, kaburi atachimba nani?"

Bibi Kasilda alipangusa macho kwa upande wa kaniki yake. "Akachimba mwenyewe, na wala si ukoo wetu. Sasa umekuja kumfukua mwanangu?"

Sheria ilikuwa wazi. Mali iliyoibwa ilikuwa chini ya futi mbili za udongo, na jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Angeweza kuimaliza kesi pale pale. Lakini Damiano aliukumbuka mkanda wa sita, na yule mtu aliyeshuka ngazi bila haraka. Hakutaka kuwapa matumaini kwa maneno yake. Macho yake yalimwona mtu huyo mara moja tu, tena gizani.

"Sifukui kaburi, Bibi," alisema. "Ila kesho asubuhi naomba mje mgodini, nyie wawili. Kuna jambo nataka mlitazame, mimi sina uwezo wa kulithibitisha."

Ijumaa lori la Karema lilikuwa limeshajaza petroli walipoingia bohari. Cletus alikuja bila pingu. Alipowaona wanawake wale alimgeukia Damiano kwa uchungu.

"Afande, nifunge mimi. Waache hawa na kaburi lao."

"Weka mkanda wa sita," alisema Damiano. "Na leo utazame shuka, taa nitaitazama mimi. Mzee Telesphor, leo usisimulie."

Bibi Kasilda hakuwahi kuona sinema. Picha ilipowaka alimshika mkwewe mkono, na bahari ilipotokea akainua miguu. Makuli walianza kupita na mizigo mabegani. Kisha kwenye ngazi ya meli alishuka mtu mwenye ngata.

Skolastika alisimama.

Mtu yule alipita, akageukia ghalani, akatoweka. Mashine iliendelea kuguruma peke yake.

"Huyo," alisema Skolastika. "Huyo ni wa lini? Ni kabla hajapigwa?"

"Ni baada, Mama. Ni mwisho wa hadithi."

"Lakini alikufa," alisema Telesphor.

"Wewe ndiye uliyesema kafa, Mzee. Kwenye sinema mtu anaanguka, anajikung'uta, anakwenda kula." Damiano alimgeukia mjane asiye mjane. "Waliopiga picha waliajiri makuli wa kweli wa bandari. Mweusi huyu wakamwangusha siku moja, siku nyingine wakampitisha tena na mzigo. Hawakujali. Kwao ulikuwa mgongo tu, na hawakudhani kama duniani kuna mtu anayeujua mgongo huo. Na mwaka ulioandikwa kwenye kopo ni mwaka juzi."

"Mwaka juzi," alirudia Skolastika.

"Anatembea kama baba yake," alisema Bibi Kasilda, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyazuia. "Marehemu mume wangu hakukimbia hata mvua ikimnyeshea."

Skolastika aliketi polepole. Furaha na uchungu vilikuwa vimemkuta pamoja, na alivipokea vyote viwili bila kuvificha. "Basi yu hai. Yu hai, na hakurudi."

"Hilo utamuuliza akija," alisema mama mkwe.

"Nitamuuliza. Na la mashati pia."

Walicheka wote wawili huku wakilia, na Cletus akageuka kutazama ukuta.

Nje lori lilipiga honi. Damiano alitazama kofia yake. "Bibi, Bwana Hargreave anasubiri kopo la tano. Bila hilo Cletus atafungwa. Nami nilisema sifukui."

Bibi Kasilda alifikiri. "Kaburi halifukuliwi," alisema, "kama lina mtu ndani." Akainuka. "Twende. Nitachimba mwenyewe. Nani anaacha mwanawe amezikwa mzima?"

Lori liliwapeleka Shanwe, likawasubiri, na dereva alilalamika mpaka alipochoka. Cletus alitaka kuchukua jembe, lakini ajuza alimnyang'anya kwa sababu ya viganja vyake. Alichimba kwanza yeye, kisha mkwewe. Kopo lilitoka limefungwa ndani ya kanga mpya, kavu, bila mkwaruzo. Kikombe cha bati Bibi Kasilda alikirudisha jikoni, akakiosha.

Waliporudi kambini, Bwana Hargreave alitaka jina la mwizi. "Hakuna mwizi, Bwana," alisema Damiano, mkono kwenye kofia. "Kopo lilichukuliwa kwa kosa, mchukuaji amelirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Yote sita yapo." Bwana Hargreave aliyahesabu, akamtazama Cletus muda mrefu, akasema mashine ya Jumamosi ijayo ina mafuta machache, ikaangaliwe. Ndivyo alivyomsamehe, na Cletus alielewa.

Makopo matano yalipandishwa lorini. La sita lilikuwa bado boharini, na Damiano alipokwenda na Cletus kulichukua alimkuta Skolastika mlangoni. Alikuwa amevua kitambaa, kichwa kitupu kwenye jua.

"Samahani kwa msiba tuliouvuruga, Mama," alisema Damiano. "Na nywele zako."

"Nywele zitaota, Afande." Alitazama kopo mikononi mwa Cletus. "Linakwenda Albertville?"

"Sasa hivi."

"Halirudi?"

"Haya hayarudi, Mama."

Honi ililia tena. Damiano alitoka nje, akamwambia dereva kwamba polisi bado hawajamaliza ukaguzi wao, akaziba dirisha la mwisho kwa gunia. Mashine ikaguruma. Kwenye shuka kulikucha tena bandarini, na mtu mwenye shati la mkono mmoja akashuka ngazi bila haraka, akapita, akageukia ghalani.

"Rudisha nyuma, Cletus," alisema Skolastika. "Apite tena."